Mzigo Mwepesi wa Msasi

Kiswahili kina maneno mengi ya upinde kuliko pinde zenyewe zilizobakia. Upinde ni uta, na ugwe wake ni upote. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ni chembe au kigumba, na mfuko wa kuichukulia mishale ni podo, au ziaka. Washairi wetu wangali wakiyatumia, hasa wanapoimba mapenzi. Lakini maneno hayo yalizaliwa mikononi mwa watu waliokwenda porini kutafuta kitoweo, na kila moja lataja kitu ambacho msasi alikichukua kwa kuwa hakuweza kukiacha.

Msasi wa upinde ni mtu wa kutembea, na kila ratili aibebayo huilipia kwa jasho. Huko Marekani leo wapiga upinde hujadiliana sana juu ya kupunguza uzito wa jukwaa la kubebwa mgongoni, ambalo hulifunga mtini ili wakae juu yake kumwotea mnyama. Huku kwetu jawabu lilikuwa jingine: jukwaa halikubebwa kabisa. Ulingo, au dungu, ulijengwa kwa miti na kamba za porini pale ulipohitajika, na ukaachwa papo hapo. Kilichobebwa ni panga na maarifa.

Maarifa hayo yamo hata ndani ya mshale. Wakamba, na Waata wa nyika ya Tsavo, waliutengeneza mshale wa vipande: chembe yenye sumu ikishamwingia mnyama, wano huchomoka na kuanguka, likaokotwa na kutiwa chembe nyingine. Wano moja lilifanya kazi ya mengi. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, ambao hadi leo huwinda kwa upinde, hushika mishale yao michache mkononi pamoja na uta. Na wakati wa kiangazi huotea usiku kando ya maji, wakimngoja mnyama aje mwenyewe. Na sumu nayo, ambayo kiasi chake kidogo kilitosha kumwangusha mnyama mkubwa, ilikuwa nyepesi kuliko risasi. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza hapa Unguja hadi mwaka 1886, aliijua nguvu yake katika safari ya Zambezi, pale mswaki wake ulipogusana na sumu ya mishale naye akaona mapigo ya moyo wake yakipungua. Kutokana na sumu hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya moyo.

Wapenzi wa tenzi wanakikumbuka kisa cha Liyongo na kikoa cha makoma. Waliotaka kumuua walingoja zamu yake ya kuupanda mkoma, wamfume akiwa juu. Yeye hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Hakuhitaji zaidi ya uta wake.

Kutoka mkoma wa Liyongo twende kwenye mkumi wa Kilosa, kwani Mikumi ni wingi wa mkumi, mti ambao watu wa pwani huuita mvumo. Katika nchi hiyo ya Wasagara na Wavidunda, kando ya uwanda wa Mkata, ilipita misafara ya Bagamoyo. Pembe zilishuka kuja Unguja, na bunduki na baruti zikapanda bara. Bunduki iliharakisha kuisha kwa ndovu. Lakini sheria ilipokuja, ilimlemea zaidi mwenye upinde. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni za kulipiwa. Aliyeweza kulipa akaitwa mwindaji. Asiyeweza akawa jangili. Katika miaka ya 1950 barabara ya Morogoro hadi Iringa ilifungua njia kwa wawindaji wengi, na mwaka 1964 Mikumi ikawa Hifadhi ya Taifa. Leo kuingia humo na upinde bila kibali ni kosa.

Hatusemi kwamba hifadhi ni dhuluma. Bila ya hiyo huenda uwanda wa Mkata ungebaki mtupu. Tunasema kwamba neno jangili limewafunika watu wawili wasiofanana: mfanyabiashara wa pembe mwenye bunduki, na msasi wa kitoweo mwenye mishale michache.

Ulingo nao umehama. Mjini ni mahali pa kupigana ndondi na kushindana kwa siasa. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi mkulima hukesha kulinda shamba lake, na ndovu ambaye babu yake alimfuata kwa upinde sasa humfuata yeye hadi kwenye mahindi. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Kwa mshale ni kweli, maana yupo anayejua ulikoanguka. Kwa maneno ya msasi, wanaojua ni wazee wachache wa Kilosa na kwingineko, na hatujaenda kuwauliza.