Kura za Wizi Zilizopitisha Katiba

Mei 1901, wanaume 155, wote Wazungu, walikutana Montgomery kuandika katiba mpya ya jimbo la Alabama. Mwenyekiti wao, wakili John B. Knox, hakuzunguka mbuyu. Aliwaambia waziwazi kuwa wamekuja kusimika utawala wa Wazungu, ila kwa njia ambayo Katiba ya Marekani haitaweza kuigusa.

Kikwazo kilikuwa hiki: tangu 1870, ilikuwa marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Basi wakaandika masharti ya kura yasiyotaja rangi popote. Yalitaja kusoma na kuandika, mali, makosa fulani ya jinai, na kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa mwaka. Usipolipa mwaka huu, deni linakungoja mwaka ujao. Na wa kuamua kama umetimiza masharti? Afisa wa kuandikisha wapiga kura. Unajua alikuwa upande gani.

Lakini wananchi walipaswa kuipitisha kwanza, na Novemba hiyo watu weusi bado walikuwa na kura. Sasa ilipitaje? Hebu piga hesabu. Katika kaunti za Dallas, Hale na Wilcox, wanaume Wazungu wenye umri wa kupiga kura hawakufika 6,000. Kura za "ndiyo" zilizotangazwa huko zilizidi 17,000. Yaani tuamini eti maelfu ya weusi walipanga foleni kujipokonya haki yao wenyewe! Kura zao za mwisho ziliibwa, kisha zikatumiwa kuwafungia mlango.

Alabama ilikuwa na wanaume weusi zaidi ya 180,000 wa umri wa kupiga kura. Kufikia 1903, walioandikishwa hawakufika 3,000. Wazungu wengi maskini nao walishindwa na kodi ile.

Jackson Giles, mkazi mweusi wa Montgomery, alienda kortini, Booker T. Washington akichangia gharama kisirisiri. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimjibu kwamba kama daftari lote ni la udanganyifu, kumwongeza humo hakutasaidia. Dawa aitafute kwa wanasiasa. Wanasiasa gani, na hana kura?

Dawa ilichelewa miaka 62. Machi 1965 waandamanaji walipigwa na polisi darajani Selma, katika kaunti ileile ya Dallas, na Agosti sheria ya kulinda haki ya kura ikapita.

Halafu 1985, Mahakama ya Juu ilifuta kifungu cha 1901 kilichowanyima kura waliopatikana na makosa fulani madogo. Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye kumbukumbu za mkutano wenyewe, hotuba ya Knox ikiwemo. Kifungu hakikutaja rangi. Yeye aliitaja, tena kwa majigambo, na karani akaandika kila neno.