Andalio la Somo na Gari Lisilo na Dereva

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alikuwa na sharti moja: hakuna kuingia darasani bila andalio la somo. Nimestaafu ualimu mkuu, na umri umepita miaka sabini, lakini sharti hilo hunirudia kila nisomapo habari za magari yanayojiendesha yenyewe.

Najua msomaji atacheka. Handeni na Korogwe, na gari lisilo na dereva, wapi na wapi? Basi tutazame tulikotoka.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Wajerumani waliijenga kwa faida yao, si kwa mapenzi yao kwetu. Hata hivyo gari moshi lilikuja na taratibu zake: njia yake peke yake, stesheni, ishara na watu wa kuwajibika.

Bodaboda hazikuja hivyo. Zilikuwa zikibeba abiria kabla ya kanuni za kuzipa leseni ya kazi hiyo kutungwa mwaka 2010. Mwaka 2008 kijana mmoja niliyemfundisha alinijia Handeni kuniambia amepata pikipiki ya kuendesha. Nilimkemea: "Hiyo si kazi. Rudi shambani." Akaitika, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake. Haikupita miezi mingi akagongana na lori usiku, akakatwa mguu. Nilimfundisha miaka saba kusoma na kuhesabu. Alama za barabarani sikumfundisha hata moja. Sikuwa na andalio.

Mwezi Machi 2018, mjini Tempe, Marekani, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Uchunguzi ulionyesha kuwa mitambo ilimwona sekunde zaidi ya tano kabla, lakini haikupangwa kumtarajia mtu anayevuka nje ya kivuko. Msimamizi aliyekuwa ndani hakuwa akitazama barabara. Ndugu msomaji, kwetu nani asiyevuka nje ya kivuko? Mtoto wa shule, mama mwenye ndoo, mchunga mbuzi, wote huvuka palipo karibu.

Uingereza ilipitisha sheria mwezi Mei 2024 kwamba gari likijiendesha, mwenye kujibu makosa ya uendeshaji ni kampuni iliyoidhinishwa, si aliyeketi ndani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa ikimfikiria dereva mwenye leseni mfukoni. Swali la nani atajibu ni la Bunge, lakini halmashauri zetu za miji zina kazi zao.

Kwanza, zikae na TANROADS wenye barabara kuu na TARURA wenye barabara za mitaa, wachore vivuko penye shule na masoko, na kutenga njia za waenda kwa miguu. Pili, kila ajali iandikwe mahali na saa ilipotokea, ili tujue wapi panaua. Tatu, alama za barabarani zifundishwe kuanzia shule ya msingi.

Huenda gari hilo likachelewa sana kufika kwetu. Hatutapata hasara. Kivuko kilichochorwa kwa ajili yake kitamvusha mtoto kesho asubuhi. Kijana yule sasa ana kibanda cha duka kando ya barabara. Nikipita hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Namwitikia marahaba, nami najua deni langu.