Nani Aruhusiwe Kumshauri Askari Kuhusu Madeni?

Wengi wetu hupita Randjespark, hapa Midrand, bila kujua kwamba humo ndimo ilimo ofisi ya NCR, mdhibiti wa mikopo wa Afrika Kusini. Hapo ndipo washauri wa madeni huandikishwa. Anayemshauri askari hutakiwa kuwa na usajili uleule wa anayemshauri mwalimu au muuza duka. Sababu yake imo katika historia.

Tarehe 27 Aprili 1994 majeshi yaliyokuwa maadui yaliunganishwa kuwa jeshi moja, SANDF. Humo waliingia wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, ambao baadhi yao walikuwa wamepitia kambi ya Kongwa, Tanzania. Mtu aliyeishi uhamishoni miaka mingi sasa alipokea mshahara kila mwezi. Wengine waliacha jeshi na kupewa kiinua mgongo.

Wakati huohuo biashara ya mikopo midogo ilikuwa imefunguliwa. Tangu mwisho wa 1992, mikopo isiyozidi randi 6,000 iliondolewa kwenye ukomo wa riba. Baadhi ya wakopeshaji walishika kadi ya benki ya mkopaji na namba yake ya siri, wakajilipa wenyewe siku ya mshahara. Mara nyingi aliyekuwa karibu kutoa ushauri alikuwa yuleyule mkopeshaji.

Sheria ya Mikopo ya Taifa ya 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu 2007, ilikata mzizi huo. Mshauri wa madeni lazima awe amemaliza darasa la 12, apite kozi iliyoidhinishwa na NCR, na awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili katika fani zinazohusika. Ila sharti zito zaidi, kwa maoni yetu, si la masomo: haruhusiwi kuwa mkopeshaji wala mkusanya madeni. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa ingeponyoka haki ya askari.

Marekani ilichukua njia nyingine: mwaka 2006 ilitunga sheria ya pekee inayozuia riba ya mikopo ya wanajeshi kupita asilimia 36. Huku kwetu askari na raia hupita mlango mmoja.

Kwa hiyo, ukiwa na kaka au mjomba jeshini, mkumbushe: kabla ya kumweleza mshauri mshahara wake, aulize kwanza namba ya usajili.