Nyanda za Virunga: Namna ya kuitambua saa inayofaa kupulizia viazi dawa

Katika miteremko ya milima ya Virunga, inakokutana mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkulima wa viazi mviringo hukabiliwa na tatizo lile lile kila msimu wa mvua: hali ya hewa inayouleta ugonjwa shambani ndiyo inayoizuia dawa kufanya kazi.

Ugonjwa huo ni baka jani chelewa. Kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Hustawi penye ubaridi, na majani yanapokaa yamelowa kwa saa nyingi. Mvua na ukungu vikiandamana, shamba lililokuwa kijani laweza kuteketea katika muda wa wiki moja au mbili.

Dawa inayotumika sana dhidi yake ni mankozebu. Dawa hii hubaki juu ya jani wala haipenyi ndani. Kazi yake ni kukinga, si kuponya. Hivyo haina budi kulifikia jani kabla ya ugonjwa, kukauka juu yake na kudumu hapo. Ndiyo maana saa ya kupulizia ina uzito sawa na dawa yenyewe.

Mvua na umande

Jani lililolowa halishiki dawa vema. Matone huungana na maji yaliyopo, yakateleza hadi ardhini. Mkulima hungoja umande ukauke, kisha hutazama mawingu, kwani mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, sehemu kubwa huoshwa. Dawa zinazopenya ndani ya jani, kama zile zenye metalaksili, hustahimili mvua zaidi zikishaingia. Muda unaohitajika huandikwa kwenye lebo ya kila dawa.

Nyakati za masika mvua ya milimani hunyesha mara nyingi alasiri. Kwa hiyo nafasi nzuri hupatikana asubuhi, aghalabu kati ya saa tatu na saa tano, umande ukiwa umekauka na mawingu hayajajikusanya.

Upepo, na hatari ya utulivu

Upepo unaofaa ni mwanana, wa kadiri ya kilomita 3 hadi 15 kwa saa. Asiye na kipimo huutambua kwa ishara: ukihisiwa usoni na majani yakatikisika kidogo, kazi yaweza kuendelea, ukipeperusha vumbi na kuyumbisha matawi, bomba liwekwe chini. Mpuliziaji huanzia ule upande wa shamba ambako upepo unaelekea, akitembea kwa kuukata, na kila mstari mpya humsogeza kule unakotoka. Kwa njia hiyo dawa humwacha nyuma, naye haingii katika majani aliyokwisha kuyapulizia.

Wengi hudhani kwamba hewa iliyotulia kabisa ndiyo bora. Sivyo. Jua linapotua, ardhi hupoa upesi, na hewa baridi hukwama chini ya hewa yenye joto. Matone madogo hayatui wala hayatawanyiki, bali huelea kama wingu jembamba. Katika nchi ya vilima hewa hiyo nzito huteremka polepole kuelekea bondeni, kwenye nyumba, mifugo na visima. Hali hiyo yaweza kudumu hadi jua la asubuhi lipashe ardhi joto. Ishara yake ni moshi wa jikoni: ukipanda na kutawanyika, hewa inazunguka, ukilala na kutanda kama shuka, kazi isimame.

Joto la mabondeni

Katika bonde la mto Rusizi, linalogawanywa na Burundi, Kongo na Rwanda, shida kubwa ni joto. Tone lenye upana usiofikia sehemu ya kumi ya milimita laweza kuyeyukia hewani kabla ya kulifikia jani. Wataalamu hulinganisha vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji. Tofauti ya nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi huhesabiwa kuwa nzuri. Ikizidi 10, hewa ni kavu mno. Asiye na vipimo huepuka saa za jua kali.

Huko adui wa mahindi ni kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mchana hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi, na hutoka kula giza linapokaribia. Kumpulizia jioni humkuta karibu, na nyuki nao huwa wamerudi mizingani. Lakini kazi ikamilike kabla ya jua kutua, hewa haijakwama.

Kuamua siku, kisha saa

Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kimebuni kifaa cha duara kinachozungushwa kwa mkono, kisichohitaji umeme wala simu. Mkulima hupima ustahimilivu wa mbegu yake, siku zilizopita tangu apulizie na kiasi cha mvua iliyonyesha, kisha huona kama siku imefika. Saa ya kupulizia hubaki kuwa uamuzi wake mwenyewe.

Katika wiki ya mvua mfululizo, saa hiyo yaweza kuja mara moja tu na kupita upesi. Anayeipata ni yule aliyekwisha kusafisha bomba, kuteka maji na kuweka dawa tayari, akasubiri jani likauke ndipo achanganye. Akipulizia majani yakiwa bado yamelowa, hulipia dawa inayoishia udongoni, na baka huendelea kula shamba.