Miaka 65 ya Jumapili ile ya Vanguard

Juni 25, 2026 inatimia miaka 65 tangu mpiga piano Bill Evans, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma washuke ngazi za klabu ya Village Vanguard, New York, na kupiga jazi huku mitambo ya kurekodi ikiwa wazi. Ilikuwa Jumapili. Walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku, katika chumba cha chini ya ardhi kinachoingiza watu 123. Ukisikiliza leo unasikia glasi zikigongana, na mtu anacheka pale ambapo hakuna cha kuchekesha.

Piano, besi na ngoma hazikuanzia hapo. Mpiga piano Ahmad Jamal alisharekodi katika hoteli ya Pershing, Chicago, Januari 1958, na santuri yake ikakaa kwenye orodha ya zinazouzwa sana kwa zaidi ya wiki 100. Lakini Vanguard, klabu aliyoianzisha Max Gordon miaka ya 1930, ndiyo iliyogeuka mlango ambao kila mpiga piano mpya sharti apite ndipo ajulikane.

Orrin Keepnews, mtayarishaji wa kampuni ya Riverside, amesimulia kwamba Evans alikuwa mgumu kuingia studio, hivyo ikaonekana afadhali mitambo imfuate kazini. Fundi alikuwa Dave Jones. Katika wimbo wa kwanza kabisa umeme ukakatika kidogo, na kipande hicho chenye pengo kikaachwa kando. Kilikuja kutolewa rasmi mwaka 2005, mkusanyo kamili ulipochapishwa. Siku 11 baada ya onyesho, LaFaro akafa katika ajali ya gari, akiwa na miaka 25. Santuri ya kwanza ikapangwa kwa heshima yake, ikafunguliwa na kufungwa kwa tungo zake mbili. Evans alikaa miezi kadhaa bila kupanda jukwaani.

Mzigo wa Jumapili hiyo ulikuja kumwangukia mtu ambaye hata hakuwa amezaliwa. Mpiga piano Brad Mehldau, akiwa na Larry Grenadier kwenye besi na Jorge Rossy kwenye ngoma, alirekodi Vanguard mwaka 1997, na wahakiki wakaimba wimbo mmoja: huyu ni Evans mpya. Sababu zao zilionekana kwa macho kabla ya kusikika kwa masikio. Mzungu, mpole, ameinamia kinanda, ana wenzake wawili. Mehldau akavumilia, kisha akachoka. Alipotoa rekodi nyingine kutoka chumba kilekile, mwaka 1999, aliandika insha ndefu ya kuambatana nayo, na humo akawajia juu: kulinganishwa na Evans kila kukicha kulikuwa kumemchosha, na akakana kwamba Evans ndiye aliyemlea kimuziki.

Ujasiri wa namna yake, kulalamikia kivuli cha mtu huku umekaa sebuleni kwake, na jina la sebule limeandikwa juu ya jalada! Hata hivyo, kwa masikio yangu, Mehldau alikuwa na haki. Rekodi hiyo inafunguliwa na “All the Things You Are”, wimbo mkongwe ambao yeye anauhesabu kwa mapigo saba, na mkono wa kushoto haumsindikizi wa kulia. Unasema yake, unabisha, mara nyingine unashinda. Humo pia kuna wimbo wa bendi ya Uingereza ya Radiohead. Wahakiki waliotega masikio kweli wangeacha mapema hadithi ya Evans.

Kinachouma ni kwamba kijana anayeanza kusikiliza leo hawezi kuujua ugomvi huo. Simu inampa wimbo na picha ndogo ya jalada, basi. Insha haipo. Grenadier na Rossy, theluthi mbili za bendi, mara nyingi hawatajwi mahali anapopaona. Orodha za nyimbo zinachomoa wimbo mmoja katikati ya onyesho na kuubandika kando ya wa studio, makofi yakikatwa kama uchafu. Hizi ni rekodi za usiku mzima. Kuzisikiliza kwa vipande ni kuingia ukumbini na kutoka kila dakika tano.

Baada ya hapo wamepita wengi. Jason Moran na bendi yake ya Bandwagon walirekodi Vanguard mwaka 2002, Fred Hersch amerudi mara kadhaa, Mehldau naye akarudi mwaka 2006, Jeff Ballard akiwa amechukua ngoma za Rossy. Motian aliendelea kupiga humo hadi mwaka aliofariki, 2011. Janga la korona lilipofunga milango mwaka 2020, klabu ilirusha maonyesho mtandaoni, viti vikiwa vitupu.

Anayetaka kuanza aitafute ile ya 1999, lakini diski, hata iliyotumika, mradi maandishi yake yawe humo.