Kibimba: Kanisa la Marafiki Kandokando ya Barabara ya Gitega

Anayetoka Bujumbura kwenda Gitega hupanda milima hadi Bugarama, pale wauza kabeji na karoti wanapoyakimbilia magari. Hapo huiacha njia ya Kayanza, akashika ya Muramvya. Kabla hajafika Gitega atapita Kibimba. Wengi hawasimami. Kandokando ya barabara pana mnara wa kumbukumbu ya waliouawa, na jirani yake kuna kanisa, hospitali na shule, kazi iliyoanzishwa mwaka 1934 na wamisionari kutoka Kansas, Marekani. Hao walikuwa Marafiki, wanaojulikana pia kama Waquaker, na asili ya imani yao ni ugomvi wa kidini uliotokea Uingereza karibu miaka mia tatu kabla yao.

Mwanzilishi wake, George Fox, alizaliwa mwaka 1624 Fenny Drayton, kijiji cha Leicestershire ambako Wapuritani walikuwa na nguvu. Hao walikuwa Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe mabaki yote ya Ukatoliki. Baba yake alikuwa mfumaji. Mchungaji wa kanisa la kijiji, Nathaniel Stephens, aliwahi kujadiliana na Fox mambo ya dini, lakini kijana huyo alikwenda mbali kuliko walimu wake. Alifundisha kwamba Mungu husema na kila mtu moyoni, mwanamume na mwanamke sawasawa, na kwamba muumini hahitaji kasisi wa kumwombea wala haruhusiwi kula kiapo mbele ya hakimu. Kwa serikali ya wakati ule, hayo yalikuwa uasi. Marafiki walitiwa gerezani kwa maelfu.

Wapuritani wenyewe, ambao baadhi yao walikuwa wamekimbilia Massachusetts ili waabudu kwa uhuru, hawakuwahurumia. Tarehe 1 Juni 1660, mjini Boston, walimnyonga Mary Dyer kwa kosa la kurudi katika koloni hilo akiwa Quaker. Miezi michache baadaye, Januari 1661, Marafiki walimpelekea Mfalme Charles II tamko kwamba hawatashika silaha kumpiga mtu yeyote, iwe kwa ajili ya utawala wa dunia au kwa ajili ya dini. Tamko hilo ndilo msingi wa msimamo wao wa amani mpaka leo, na ndilo linalonifanya niitazame Kibimba kwa uzito.

Aliyeileta imani hiyo Burundi ni Arthur Chilson, pamoja na mkewe Edna na binti yao. Chilson hakuwa mgeni Afrika. Mwaka 1902 alikuwa mmoja wa wanaume watatu waliofungua misheni ya Kaimosi, magharibi ya Kenya, na nchi hiyo leo ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Huko Kaimosi, mwaka 1927, mahubiri yake juu ya Roho Mtakatifu yaliwasha uamsho mkubwa. Wamisionari wenzake waliupinga, na waumini waliofukuzwa wakaanzisha makanisa yao ya Roho. Waliozaliwa na upinzani nao walishindwa kuwavumilia wapinzani wao.

Marafiki wa Kansas waliomtuma walikuwa wamekwishaacha ibada ya kimya ya akina Fox. Walikuwa na wachungaji, nyimbo na mahubiri, na hivyo ndivyo Marafiki wa Burundi wanavyosali hadi leo. Chilson alifariki mwaka 1939, na wengine wakaiendeleza kazi yake.

Kisha yakaja mauaji ya 1972, ambapo Wahutu waliosoma, walimu na watumishi wa makanisa wakiwemo, waliangamizwa nchi nzima. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, alipouawa na askari, hasira ya Wahutu ikaiangukia Kibimba. Makumi ya wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari, pamoja na baadhi ya walimu, walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta kilichokuwa kando ya barabara. Mnara niliousema umesimama kwa ajili yao. Jeshi nalo lililipiza kisasi kwa Wahutu. Kwibuka, kituo kingine cha Marafiki, askari waliwaua wanafunzi wa uchungaji, na mwalimu wao, David Niyonzima, akaokoka kwa kujificha ndani ya shimo la kutengenezea magari.

Ni makosa kuisimulia Kibimba kama kijiji cha amani na kulinyamazia moto ule. Ni makosa pia kuishia kwenye moto. Baada ya 1993 Watutsi waliokimbia makwao walikusanyika chini ya ulinzi wa jeshi, na Wahutu wakabaki milimani. Jirani hakuthubutu kuvuka kwenda kwa jirani. Katika hali hiyo baadhi ya waumini wa pande zote mbili walianza kukutana kama Kamati ya Amani ya Kibimba. Walizungumza na askari na kuwarudisha watoto darasani, Wahutu na Watutsi wakikaa dawati moja. Kamati za namna hiyo zilienea baadaye katika sehemu nyingine za nchi. Niyonzima mwenyewe aliwasamehe waliowaua wanafunzi wake, akaanzisha huduma ya kuwatibu waliojeruhiwa rohoni na vita.

Kwangu mimi, kazi ya kamati ile ina uzito kuliko tamko la 1661. Marafiki wa London waliandika kwamba hawataua. Watu wa Kibimba walikubali kuketi na watu ambao ndugu zao walikuwa wameua, huku makaburi yakiwa bado mapya.

Sehemu kubwa ya historia hii imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, lugha ambazo wazee wengi wa Kibimba hawazisomi. Wanaoikumbuka misheni ya mwanzo wanazidi kupungua. Kanisa la Marafiki, vyuo vikuu vyetu na redio zetu ziwafuate sasa, ziyarekodi masimulizi yao kwa Kirundi na kuyachapisha, na kwa Kiswahili pia. Na wewe unayesafiri kwenda Gitega, mwombe dereva asimame Kibimba. Shuka, usome kilichoandikwa pale mnarani.