Je, Mpira wa Miguu Huchosha Kuutazama?

Leo hatutazungumza juu ya wafalme wala juu ya vita. Nataka tuzungumze juu ya lawama moja ambayo wewe mwenyewe bila shaka umekwisha kuisikia, pengine nyumbani mwako. Umekaa unatazama mpira, saa nzima na nusu. Watu ishirini na wawili wanakimbia huku na huko, kisha wanaachana bila bao hata moja. Mwenzako anakuuliza, "Hivi, hukuchoka?" Nawe unakasirika.

Usikasirike. Lawama hiyo ni ya zamani sana, na walioitoa kwa nguvu zaidi hawakuwa watu wasioupenda mpira. Walikuwa wapenzi wake hasa, waliolipa kiingilio, wakasimama mvuani, wakarudi kwao wamenuna. Tena manung'uniko yao ndiyo yaliyofanya sheria za mchezo ziandikwe upya, si mara moja. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kukueleza.

Lakini kwanza tuondoe kosa moja. Watu husema kwamba mchezo usio na mabao ndio unaochosha. Mimi sikubali. Mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi, kati ya Uskoti na Uingereza, ilichezwa mjini Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, mbele ya watazamaji kama 4,000. Waingereza walikuwa na desturi ya kuukokota mpira, kila mtu peke yake, mpaka anyang'anywe. Waskoti, ambao wote siku ile walitoka katika klabu moja ya Queen's Park, walikuwa wakipeana pasi. Mechi ikamalizika bila kufungana. Walakini walioisimulia magazetini waliisifu, wala si ajabu, kwa maana namna mbili za kucheza zilikuwa zikishindana, na hapana aliyejua ni ipi itakayoshinda. Hesabu ya mabao ilikuwa sufuri, lakini hakuna aliyelala.

Basi uchovu unatoka wapi? Hapa nakuomba uchukue punje za mahindi, au vijiti vya kibiriti, uviweke mezani mbele yako. Ukingo wa meza ndio mstari wa goli. Weka punje moja karibu na ukingo: huyo ni golikipa. Mbele yake weka mbili: hao ni mabeki. Sasa weka punje ya rangi nyingine karibu na mabeki: huyo ni mshambuliaji wa timu ya pili, anangoja mpira.

Chama cha Mpira cha Uingereza kilipoundwa mjini London mwaka 1863, sheria yake ilisema kwamba mchezaji yeyote aliye mbele ya mpira ameotea, hana ruhusa ya kuucheza. Mwaka 1866 sheria ikalegezwa: mpira unapopigwa kuja kwako, lazima wapinzani watatu wawe kati yako na mstari wa goli. Wakiwa watatu, hukuotea. Wakiwa wawili tu, umeotea, na filimbi inalia.

Sasa tazama meza yako. Golikipa mmoja, mabeki wawili, jumla watatu. Mshambuliaji yuko salama. Lakini msogeze beki mmoja tu mbele, ampite mshambuliaji. Waliobaki nyuma ni wangapi? Wawili. Mshambuliaji ameotea bila yeye mwenyewe kuinua mguu! Na hila hii ilikuwa rahisi mno, kwa sababu hata refa asipoona, beki wa pili bado yuko nyuma pamoja na golikipa, tayari kuzuia. Aliyetega mtego hakuhatarisha karibu kitu chochote.

Aliyesifika kuliko wote kwa mtego huo, au tuseme aliyelaaniwa kuliko wote, alikuwa Bill McCracken, mtu wa Belfast, aliyeichezea Newcastle United tangu mwaka 1904 hadi 1923. Watu walimzomea kila alikokwenda. Husimuliwa kwamba timu moja ilipofika Newcastle kwa gari la moshi, wakasikia mlinzi wa gari akipiga filimbi kituoni, mchezaji mmoja akasema, "Lo, tumekwisha kuotea tayari!" Huenda ni kisa cha kubuni tu, lakini kinakuonyesha watu walivyokuwa wamechoshwa. Mwaka 1907 sheria iliongezwa kwamba mtu hawezi kuotea akiwa katika nusu yake mwenyewe ya uwanja. Haikutosha. Timu nyingine ziliiga mtego, na ilipofika miaka ya 1920 mchezo ulikuwa ukisimamishwa mara kwa mara, wachezaji wamesongamana katikati ya uwanja kama watu mlangoni pa duka.

Mwaka 1925 Bodi ya Kimataifa ya sheria za mpira ilikubali pendekezo la Waskoti: badala ya wapinzani watatu, wawili wanatosha. Rudi mezani. Msogeze tena beki mmoja mbele. Waliobaki ni wawili, golikipa na beki mwenziwe, na mshambuliaji hakuotea. Ili umtege sasa, lazima mabeki wote wawili watoke kwa pamoja, na wakikosea, golikipa amebaki peke yake. Neno moja tu lilibadilika katika sheria. Katika daraja la kwanza la ligi ya Uingereza, msimu wa 1924/25 yalifungwa mabao 1,192. Msimu uliofuata, kwa idadi ile ile ya mechi, yalifungwa 1,703.

Lakini usidhani walinzi walikaa kitako wakilia. Tarehe 3 Oktoba 1925, msimu mpya ukiwa bado mchanga, Arsenal ya London ilifungwa na Newcastle mabao 7 kwa sufuri. Meneja wao, Herbert Chapman, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kazini. Mchezaji wake Charlie Buchan alishauri kwamba senta-hafu, ambaye hapo zamani alitembea uwanja mzima, arudishwe nyuma awe beki wa tatu, na fowadi mmoja ashuke kujaza pengo. Siku mbili baadaye Arsenal ilishinda 4 kwa sufuri ugenini kwa West Ham. Katika miaka ya 1930 ikatwaa ubingwa mara tano, na watu wakaanza kunung'unika tena, safari hii juu ya Arsenal, ati wanakaa nyuma wakingoja bahati. Unaona? Sheria iliyotungwa kufungua mchezo ndiyo iliyomzaa beki wa tatu.

Nitapita upesi katika miaka iliyofuata. Waitalia walikamilisha ulinzi mpaka ukawa kama komeo la mlango, na Inter ya Milan ikachukua Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965. Mwaka 1967, mjini Lisbon, Celtic ya Glasgow waliivunja kwa kushambulia tu, 2 kwa 1. Mapishano ya namna hiyo ni halali. Mwenye kuzuia ana haki yake kama mwenye kushambulia, nami sijachoka kutazama ulinzi mzuri.

Kinachochosha ni kitu kingine: ni pale ambapo hakuna upande wowote unaotaka mpira uende mbele. Na siku iliyo mbaya kuliko zote kwa jambo hilo inatugusa sisi Waafrika. Ilikuwa Kombe la Dunia la mwaka 1982, nchini Hispania. Tarehe 16 Juni, Aljeria, iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, iliifunga Ujerumani ya Magharibi 2 kwa 1. Ikafungwa na Austria, kisha tarehe 24 Juni ikaishinda Chile 3 kwa 2. Waaljeria wakawa wamemaliza mechi zao. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani ya Magharibi na Austria zilikutana, zote mbili zikiwa zimekwisha kujua hesabu: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, timu zote mbili zitaendelea, na Aljeria itarudi nyumbani.

Wajerumani walifunga katika dakika ya kumi. Baada ya hapo, msikilizaji, haukuchezwa mpira. Dakika themanini walipigiana pasi za pole, nyuma na kando, hapana aliyekaba, hapana aliyekimbia. Watazamaji wa Kihispania walizomea. Waaljeria waliokuwa uwanjani wakapeperusha noti za fedha, kana kwamba wanauliza mechi ile imenunuliwa kwa bei gani. Aljeria ilipeleka malalamiko. Yakakataliwa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Hapo uchovu wa mtazamaji na dhuluma ya mchezaji vilikuwa kitu kimoja. Tangu Kombe la mwaka 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja ile ile, ili asiwepo mwenye kujua hesabu ya mwenzake mapema. Kwa Waaljeria wale haikusaidia kitu.

Miaka minane baadaye, nchini Italia, ugonjwa ulitoka mahali pengine: mikononi mwa golikipa. Zamani hizo beki aliweza kumrudishia golikipa mpira kwa mguu, naye akaudaka, akautoa, akarudishiwa tena, huku saa inakwenda. Tarehe 17 Juni 1990 mjini Palermo, Misri na Ayalandi zilitoka bila kufungana katika mechi ambayo watu hutaja mpaka leo kwa ubaya wake. Kocha wa Ayalandi, Jack Charlton, aliwalaumu Wamisri kwa kutotaka kucheza. Mimi nawaonea huruma kidogo. Walikuwa wametoka sare na Uholanzi, mabingwa wa Ulaya, na kila pointi kwao ilikuwa dhahabu; sheria ndiyo iliyowapa hila ile. Kombe zima lilikuwa na mabao 115 katika mechi 52, na fainali ikaamuliwa kwa penalti moja.

Basi mwaka 1992 ikaamriwa kwamba golikipa asiudake mpira aliopewa kwa mguu na mwenzake makusudi. Denmaki walikuwa wametwaa ubingwa wa Ulaya mwezi wa Juni mwaka huo huo kwa kumrudishia Peter Schmeichel mara nyingi. Wiki chache baadaye hila ile ilipigwa marufuku. Na katika Kombe la Dunia la mwaka 1994, huko Marekani, ushindi ulipewa pointi 3 badala ya 2, ili kutoka sare kusiwe nusu ya kushinda. Waingereza walikuwa wamefanya hivyo tangu 1981. Mabao yalipanda hadi 141, kwa mechi zile zile 52.

Halafu ikaja fainali, tarehe 17 Julai, Pasadena, mbele ya watu zaidi ya 94,000. Brazili na Italia zilicheza dakika 120 kwenye jua kali, bila bao. Ikawa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kumalizika bila kufungana, ikaamuliwa kwa penalti. Wako wanaosema ilichosha. Wako wanaokumbuka Franco Baresi, aliyepasuliwa goti wiki tatu tu kabla, akimzuia Romário mchana kutwa, na hawakubali hata kidogo.

Muda wetu umekwisha. Rudisha punje zako kapuni. Wiki ijayo saa hizi hizi, panapo majaliwa. Kwaherini.